Shangazi, wifi anasema ni aibu kurudia gauni melini

Shikamoo Shangazi,

Nasoma safu yako siku zote, ila leo ndiyo nimepata ujasiri wa kukuandikia, maana jambo lenyewe naona haya kumweleza mtu wa karibu.

Mume wangu amestaafu. Yeye na dada yake, ambaye ni wifi yangu mkubwa, waliweka akiba kwa muda mrefu ili sisi watatu twende safari ya meli ya kitalii. Ni safari ndefu, usiku 28. Wifi amewahi kusafiri hivyo. Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza. Tumeshalipa kila kitu, na tiketi za ndege za kutufikisha bandarini tumeshakata. Kila mmoja wetu ana ruhusa ya begi moja la kilo 23 na kibegi cha mkononi.

Ratiba ilipokuja tukaona kuna jioni sita za gala. Jioni hizo wanawake wanatakiwa kuvaa magauni ya jioni, na wanaume suti nyeusi au koti la jioni pamoja na tai. Jioni zilizobaki ni nguo nadhifu za kawaida. Wifi akaniambia, tena mbele ya wanangu, kwamba nijiandae na magauni sita na viatu vyake, kwa sababu kurudia gauni melini ni aibu na watu watajua tumeenda kwa kujikamua. Shangazi, neno hilo lilinichoma. Tangu siku hiyo sina raha na safari yenyewe.

Nimekusanya magauni saba. Mengine ni yangu, mengine nimeazima, na moja amenipa wifi mwenyewe: limeshonewa vimetameta kuanzia kifuani hadi chini, ni zito sana, na zipu yake inafunga kwa shida. Nilipoyapanga begini na jozi nne za viatu, mzani ulisoma kilo 19. Hapo sijaweka nguo za mchana, wala nguo za ndani, wala dawa zangu za presha.

Halafu kuna mume wangu. Anasema amefunga tai shingoni miaka yote ya kazi na hana mpango wa kuifunga tena akiwa mapumzikoni. Wifi anamwambia atazuiwa mlangoni kama mhuni. Wanabishana kila wakikutana, na mimi niko katikati.

La mwisho, nimesikia pasi haziruhusiwi vyumbani. Sasa magauni yakitoka begini yamekunjamana nitafanyaje?

Nishauri, Shangazi. Sitaki kumwaibisha mume wangu, sitaki kukosana na wifi, na pia sitaki kumaliza mwezi mzima baharini nikiwaza nguo.

Ni mimi,
Mwenye Begi Zito

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa neno hilo.

Nianze na gauni alilokupa wifi. Mrudishie mapema, kwa shukrani, kabla hajaanza kuuliza utalivaa jioni gani. Gauni linalofunga kwa shida ukiwa nyumbani halitafunga wiki ya tatu ya safari, tena kwenye meli ambayo chakula kipo tangu alfajiri hadi usiku. Na chakula cha jioni ya gala si cha kula na kuondoka. Mtakaa mezani saa moja na nusu, pengine mbili, sahani moja ikitoka nyingine ikiingia. Kitambaa kilichoshonewa vimetameta hakivutiki. Ukiketi kinapanda na kubana mbavu. Vile vilivyo chini ya kwapa hukwaruza ngozi ya ndani ya mkono kila unapounyoosha kuchukua glasi, na vya makalioni hunasa kwenye kitambaa cha kiti. Gauni la namna hiyo ni la kusimama na kupigwa picha. Wewe unakwenda kula, kuzungumza na kutembea korido ndefu za meli.

Sasa hili la aibu, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko uzito wa begi.

Si kweli, mwanangu. Kanuni za mavazi za kampuni za meli hutaja aina ya vazi linalotakiwa. Idadi ya mara unazolivaa si habari yao. Meli kama Queen Mary 2 huchukua abiria zaidi ya 2,600. Katika umati huo, nani atakayekumbuka kwamba gauni jeusi la leo ndilo la siku tano zilizopita? Watakaokuona kwa karibu ni wale wa meza yenu, na hao watakukumbuka kwa mazungumzo yako. Tena kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo kurudia nguo kunavyokuwa jambo la kawaida. Kuna watu wanaozunguka dunia kwa meli kwa zaidi ya siku 100. Hakuna kabati la chumba cha meli linaloweza kubeba gauni jipya kwa kila gala ya safari kama hiyo, na wazoefu hao wanabadilisha mtandio, hereni na namna ya kufunga nywele, basi.

Jambo lingine ambalo wifi huenda hajaligundua: kampuni hazifanani. Cunard ndiyo inayosifika kwa kushikilia mavazi rasmi, na hata kwenye safari yake ya usiku 7 kati ya Southampton na New York huwa kuna jioni mbili za gala. Viking haina jioni za gala kabisa na tai hailazimishwi. Norwegian Cruise Line humwachia abiria achague mwenyewe. Kwa hiyo alichokiona wifi katika safari yake si lazima kiwe ndicho mtakachokikuta ninyi. Chukua maelezo ya mavazi ya meli yenu na ya safari yenu, msome watatu pamoja mkiwa mmetulia. Angalieni mambo mawili: ni sehemu gani za meli zinazodai vazi rasmi jioni hizo, na kama jioni yoyote imepewa mada. Baadhi ya meli huwa na jioni ya nyeusi na nyeupe, nyingine ya vinyago vya uso. Mada hizi huwa za hiari, na gauni jeusi huingia karibu katika kila mada.

Ndiyo maana kwenye hayo magauni saba nataka ubakize mawili tu. Moja liwe jeusi, refu, lisilo na nakshi yoyote. La pili liwe la rangi moja inayokupendeza, iwe buluu iliyokoza, kijani cha zumaridi au zambarau. Achana na maua makubwa na michoro. Gauni la maua mekundu kila mtu atalikumbuka, jeusi tupu hakuna atakayelikumbuka, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kisha ongeza sketi ndefu nyeusi na blauzi mbili za jioni: moja ya lesi, nyingine yenye mng'ao kidogo kama una hamu ya vimetameta. Kama unapenda suruali, suruali nyeusi pana ya kitambaa kinachoshuka vizuri inafanya kazi ileile ya sketi, na meli nyingi zinaikubali kwa wanawake jioni za gala. Hapo umepata mivao minne tofauti. Jioni ya tano na ya sita utarudia magauni yako mawili, ukibadilisha mtandio na mapambo. Na ile blauzi ya lesi utaivaa pia jioni za kawaida, kitu ambacho gauni la wifi lisingekufanyia.

Mtandio ni lazima, usiuache. Kumbi za chakula na ukumbi wa maonyesho kwenye meli huwa na kiyoyozi kikali hata kama nje kuna joto, na ukitoka sitahani usiku upepo wa bahari unapita kwenye shifoni kana kwamba hujavaa kitu. Beba miwili: mmoja mweusi mzito kidogo, mwingine wa rangi inayochangamka.

Kabla gauni halijaingia begini lipitie majaribio. Kamata sehemu ya pindo, ifinye kwenye ngumi kwa nusu dakika, kisha uiachie. Krepu ya poliesta, lesi, vitambaa vinavyovutika na vile vyenye marinda ya kudumu vitarudi hali yake mbele ya macho yako. Kitani, tafeta na satini ya hariri vitabaki na alama za vidole vyako, na alama hizo ndizo utakazopambana nazo kila jioni. Halafu livae, lifunge, ukae kwenye kiti cha meza ya chakula mlo mzima, si dakika moja. Inua mikono juu. Kisha panda na ushuke ngazi bila kushika pindo. Meli zina ngazi nyingi na lifti huwa na msongamano muda mfupi kabla ya chakula, na bahari ikichafuka hutataka mkono mmoja ushike gauni wakati unauhitaji kwenye reli. Pindo likigusa sakafu, lipeleke kwa fundi alipandishe hadi lipite juu ya sakafu kwa upana wa vidole viwili, ukiwa umevaa viatu utakavyovaa siku yenyewe.

Viatu vyenyewe viwe jozi moja tu ya jioni. Najua utashtuka. Chagua vyeusi, au vya rangi ya dhahabu iliyofifia ambayo inaendana na kila kitu, kisigino kifupi na kinene, chenye mkanda unaoshika kifundo cha mguu. Mchuchumio mwembamba kwenye sakafu inayoyumba unaumiza watu. Jozi nyingine tatu ulizoweka ndizo zinazokula kilo zako bure. Kipochi kimoja kidogo kinatosha, na hata hicho kiwe na kamba ya begani ili mikono ibaki huru.

Mapambo ya thamani kubwa yaache nyumbani. Hereni na mikufu isiyo ghali ndiyo itakayobadilisha gauni lako jeusi, haina uzito, na ikipotea hutalia.

Sasa mume wako. Huyu nampa haki kwa sehemu.

Hatazuiwa kama mhuni, na hatalala njaa. Kwenye meli zenye jioni za gala, masharti huwa ya kumbi kuu za chakula na baadhi ya kumbi za muziki na vinywaji. Sehemu ya bufee hubaki wazi kwa wasiotaka kuvaa rasmi, pamoja na sehemu nyingine kadhaa. Hata Cunard, ambao mavazi ya jioni kwao huanza saa 12, wanatenga kumbi kwa ajili ya abiria wa namna hiyo. Ila ni kweli pia kwamba akitaka kuketi nanyi ukumbi mkuu jioni ya gala bila koti, anaweza kuombwa kwa upole aende akavae. Hilo alijue sasa, akiwa nyumbani, si siku hiyo mlangoni akiwa na njaa na dada yake pembeni akimwambia "si nilikuambia?"

Kwa hiyo usimlazimishe na usimwombee ruhusa kwa wifi. Mwambie hivi: "Baba, jioni ya gala ya kwanza ningependa tukae pamoja, tumevaa, tupige na picha ya kustaafu kwako. Zile tano zilizobaki utaamua mwenyewe." Mwanamume aliyefungwa tai na kazi kwa miaka mingi akiombwa na mkewe jioni moja, kwa sababu inayomhusu yeye, ni vigumu kukataa. Na jioni atakazokataa, mnaweza kula wote bufee, au wewe ukaenda na wifi yeye akapumzika. Wanandoa kula sehemu tofauti jioni moja au mbili katika mwezi mzima si ugomvi.

Kama tai ndiyo tatizo hasa, ziko njia. Kampuni nyingi hukubali vazi rasmi la kitaifa badala ya suti, ambalo mara nyingi halina tai kabisa. Ulizeni kampuni yenu. Kuna pia tai ya kipepeo iliyokwisha kufungwa, ya ndoano nyuma ya kola, anayoweza kuifungua mara tu wanapomaliza kula. Na umweleze jambo moja ambalo huenda likamlainisha: lile koti la jioni ambalo leo tunaliona rasmi kupindukia lilianza kama vazi la kujistarehesha. Washonaji wa Henry Poole wa London wanaeleza kwamba mwaka 1865 walimshonea Mwanamfalme wa Wales, yaani mrithi wa kiti cha ufalme cha Uingereza, koti fupi lisilo na mkia, alivae kwenye chakula cha jioni kisicho rasmi katika makazi yake ya Sandringham, aepukane na koti refu la sherehe. Lilizaliwa na mtu aliyechoka kubanwa, kama yeye.

Abebe suti moja nyeusi au ya buluu iliyokoza karibu na nyeusi, ya sufu nyepesi. Sufu ikitundikwa usiku mmoja hujinyoosha yenyewe kwa kiasi kikubwa. Suti ya pamba au kitani haifanyi hivyo. Mashati meupe mawili, tai moja, viatu vyeusi. Viatu avivae safarini kwenye ndege, kwani jozi ya viatu vya ngozi vya mwanamume hukaribia kilo nzima, na koti alishike mkononi. Kununua koti maalumu la jioni kwa ajili ya jioni sita, kwa mtu asiyelipenda, ni kutupa pesa. Suti nyeusi inatosha.

Nimefika kwenye kupakia, na hapa naomba unifuate pole pole, kwa sababu ukipakia vizuri suala la pasi linapungua kwa zaidi ya nusu.

Tafuta ile mifuko mirefu ya plastiki laini ambayo dobi hufunikia nguo. Nguo hukunjamana kwa sababu zinasuguana na kubanana sehemu moja. Plastiki inaziacha ziteleze badala ya kushikana. Lifunge gauni zipu yake yote, lilaze kitandani kifudifudi, lilainishe kwa viganja hadi pasiwe na mkunjo, liingize ndani ya mfuko, kisha lisokote taratibu kuanzia kwenye pindo kwenda juu, bila kulikaza. Blauzi yenye vimetameta igeuze ndani nje kwanza, uisokote na karatasi laini katikati, ili vimetameta visikwaruze lesi ya jirani. Suti ya mume wako ifanye hivi: ingiza mikono yako ndani ya mabega ya koti, geuza bega moja ndani nje, halafu bega la pili liingie ndani ya lile lililogeuzwa. Bitana inabaki nje na kitambaa cha nje kinalindwa. Suruali itangulie chini ya begi, miguu ikining'inia nje ya ukingo. Ukishajaza nguo nyingine juu yake, unaikunja kurudi ndani. Kwa njia hiyo hakuna mkunjo mkali wa goti.

Usiweke magauni yako yote kwenye begi lako. Gauni moja na shati lake moja vikae begi lako, gauni la pili na suti vikae begi lake. Mabegi hupotea kwenye ndege, na meli haisubiri begi. Dawa zako za presha, mapambo, na nguo ya jioni ya siku ya kwanza vikae kwenye kibegi cha mkononi. Siku ya kupanda meli mabegi makubwa huchukuliwa bandarini na kuletwa mlangoni mwa chumba chenu baadaye, wakati mwingine jioni sana. Kwa kawaida siku ya kwanza haiwi ya gala kwa sababu hiyohiyo.

Begi likifika, kabla ya kwenda kutembea, toa nguo za jioni na uzitundike. Vyumba vingi vya meli vina kuta za chuma, kwa hiyo beba ndoano chache za sumaku. Makabati ni madogo na ninyi ni wawili. Lakini usitundike gauni kwenye roshani. Unyevu wa bahari una chumvi, unafanya kitambaa kiwe kizito na unachafua nyuzi za rangi ya dhahabu.

Ulivyosikia kuhusu pasi ni kweli. Ni kwa sababu ya hatari ya moto, kwani moto baharini hauna pa kukimbilia, na kwenye meli nyingi katazo hilo linahusu hata pasi ndogo ya mvuke ya safarini. Ukiificha begini, wakaguzi wataiona na kuichukua hadi mwisho wa safari. Usibebe. Baadhi ya meli zina vyumba vya kufulia ambavyo abiria hujihudumia, vyenye pasi na meza zake. Cunard wanavyo na havilipiwi, Royal Caribbean hawana. Kama meli yenu inacho, usiende jioni ya gala ambapo kila mtu yuko kwenye foleni na shati mkononi. Nenda siku ambayo meli imetia nanga na wengi wameshuka matembezini. Kama haina, ipo huduma ya kupiga pasi ya kulipia. Peleka suti na gauni moja mapema siku za kwanza, vikirudi vitundike na usiviguse hadi jioni yake.

Kwa mikunjo midogo, tumia bafu. Litundike gauni mbali na maji, funga mlango, ogeni maji ya moto, kisha liache humo robo saa. Ukilitoa, livute kwa viganja kuelekea chini na uliache likauke kabisa kabla ya kulivaa. Hariri iwe mbali zaidi, tone moja la maji huacha duara lisilotoka. Na kwenye pembe ya begi weka sindano, uzi mweusi, pini chache na selotepu ya pande mbili. Pindo likifumuka dakika ishirini kabla ya chakula, selotepu itakuvusha.

Turudi kwa wifi. Usimjibu kwa maneno yaleyale aliyokurushia. Lakini pia usikae kimya mwezi mzima na donge rohoni, chumba chenu na chake vikiwa jirani. Unapomrudishia gauni, mkiwa wawili tu, mwambie: "Wifi, gauni ni zuri ila limenibana, na begi langu halina nafasi. Nitakwenda na mawili yangu, na nitayarudia. Ila lile neno la kujikamua, uliloniambia mbele ya watoto, liliniuma." Kisha nyamaza, umwache ajibu. Sidhani kama alitaka kukuumiza. Mtu aliyeweka akiba miaka mingi na kaka yake ili akubebe na wewe si adui yako; pengine naye safari yake ya kwanza alivaa vibaya, watu wakamtazama, na hataki yakupate. Ukishamwambia, mwombe kitu anachokijua kuliko wewe. Muulize jinsi alivyopanga kabati lake, mpe kazi ya kukufunga nywele jioni ya gala ya kwanza. Atafurahi.

Na akiendelea kusema baada ya hapo, mume wako ndiye wa kumnyamazisha dada yake. Umwambie hivyo kabla hamjaondoka.

Jambo dogo la mwisho, la usiku wa kuamkia kushuka. Mabegi makubwa huwekwa nje ya mlango usiku huo ili yashushwe, kwa hiyo kabla hujafunga zipu, toa kando nguo za asubuhi, viatu na nguo za ndani za ninyi wawili. Kuna watu hupakia kila kitu, wakaamka hawana cha kuvaa zaidi ya gauni la jana usiku. Magauni yaliyovaliwa yafunge bila ile plastiki kama bado yana unyevu wa jasho, na ukifika nyumbani yatoe siku hiyohiyo uyapeleke kwa dobi. Doa la jasho likikaa wiki mbili kwenye gauni jeusi huacha mstari mweupe kwapani, na hilo gauni bado nataka ulivae miaka mingi.

Safiri salama, mwanangu.

Shangazi